Tiba ya Lishe kwa Watoto Wanene Mombasa: Kwa Nini Ianzie kwenye Sinia

Mzazi wa Kibokoni au Kuze anayempeleka mwanawe kliniki kwa ajili ya unene wa kupindukia aghalabu hurudi nyumbani na karatasi. Imeorodhesha vya kula na vya kuacha: uji wa shayiri asubuhi, kifua cha kuku cha kuchemsha mchana, saladi jioni, wali marufuku, nazi marufuku, chapati marufuku. Karatasi hubandikwa kwenye mlango wa friji, hufuatwa wiki moja au mbili, kisha husahaulika. Miezi sita baadaye mtoto ameongeza uzito, na lawama humwangukia yeye kwa ulafi na mama yake kwa ulegevu. Makala haya yanadai kwamba kosa liko kwenye karatasi yenyewe. Imemlenga mtu mmoja katika nyumba ambayo hakuna alaye peke yake, tena imeandikwa kwa ajili ya jiko lisilopatikana Mji wa Kale. Tiba ya lishe kwa mtoto mnene katika Kisiwa cha Mombasa itafaa ikianza na sinia la nyumba nzima, kinywaji cha mtoto, na vitafunio vya saa kumi anavyokula kati ya skuli na chuo, yaani madrasa. Na karibu kila kinachohitajika kwa tiba hiyo kimo tayari ndani ya mapishi ya Waswahili.

Ukubwa wa tatizo si rahisi kuuona, kwa sababu takwimu za taifa zinatazama upande mwingine. Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na asilimia 3 tu wana uzito uliozidi. Kwa hesabu hiyo, mpangaji yeyote wa bajeti ya afya ataelekeza fedha kwenye udumavu, wala hatakuwa amekosea. Lakini utafiti huohuo ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kati ya mtoto wa miaka minne na mwanamke wa miaka thelathini kuna zaidi ya robo karne, na ndani ya muda huo ndimo unene unamoingia huku hakuna anayepima. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto kinachotumika katika zahanati za Kenya kina mchoro wa ukuaji unaokoma mtoto akitimiza miaka mitano. Baada ya hapo hapandi tena mizani mpaka augue. Watafiti walipopima wakubwa kidogo jijini Nairobi, watoto wa miaka 9 hadi 11, katika uchunguzi wa kimataifa uliohusisha nchi 12, walikuta takribani mmoja kati ya watano ana uzito uliozidi au ni mnene kupindukia. Mombasa si Nairobi. Hata hivyo ni mji wa bandari wenye chakula cha kununuliwa kila pembe na nafasi finyu ya kukimbia, na sioni sababu ya kuamini kwamba watoto wake wamesalimika.

Kabla ya kuamua mtoto ale nini, yafaa tujue tunataka kufika wapi. Mtu mzima mnene hutakiwa kupungua. Mtoto anayekua, mara nyingi, hutakiwa tu asiongezeke. Chukua mtoto wa miaka minane mwenye urefu wa sentimita 130 na uzito wa kilo 40. Kilo zake zikigawanywa kwa mraba wa urefu wake kwa mita, hupatikana 23.7, juu ya mpaka ambao Shirika la Afya Duniani limeuwekea unene wa kupindukia kwa umri huo. Akirefuka sentimita 6 kwa mwaka na uzito ukabaki palepale, hesabu inashuka hadi 21.6 bila yeye kupoteza hata gramu. Urefu ndio unaofanya kazi. Ndiyo maana daiti kali za kwenye simu, zinazomnyima mtoto chakula ili kilo zishuke haraka, ni za kuogopwa: zinaweza kuupunguza ukuaji uleule tunaoutegemea. Wapo wasioingia katika kanuni hii. Mtoto anayekatikiwa na pumzi usingizini, au ambaye sukari yake ya damu imeanza kupanda, au aliye mnene na wakati huohuo mfupi kuliko rika lake (huyu huenda tatizo lake ni la homoni), ni wa daktari kwanza, na mambo ya jikoni yatafuata.

Je, ni chakula cha aina gani? Hapa utafiti umetoa jibu ambalo halijafika kwenye karatasi za kliniki. Mwaka 2014 watafiti wa Australia walikusanya majaribio yaliyolinganisha daiti za watoto wanene, za wanga kidogo, za protini nyingi, za mafuta kidogo, na wakakuta uzito ulipata nafuu bila kujali mgawanyo huo, mradi nishati kwa jumla imepungua. Miaka miwili kabla yake, jaribio la Cincinnati nchini Marekani lililowahusu watoto 102 wa miaka 7 hadi 12 lilionyesha kwamba njia zote tatu zilizojaribiwa zilisaidia, lakini wale waliokatazwa wanga ndio waliopata tabu zaidi kuifuata njia yao. Kumbe cha kutafutwa ni mpango unaoweza kuishi ndani ya nyumba, na nyumba za Kuze hazikai bila wali.

Ushahidi wenye uzito zaidi unahusu anayetibiwa. Leonard Epstein na wenzake, walioanza kazi yao Pittsburgh, waliwafuatilia watoto kwa miaka kumi na kuchapisha matokeo mwaka 1990. Watoto waliotibiwa pamoja na wazazi wao, wote wakiwekewa malengo, walikuwa wamepunguza uzito wao wa ziada kwa asilimia 7.5 baada ya miaka hiyo kumi. Wa kundi la ulinganisho waliongezeka kwa asilimia 14.3, na waliolengwa peke yao waliongezeka kwa asilimia 4.5. Moria Golan, nchini Israeli, alikwenda mbali zaidi mwaka 1998: aliwafundisha wazazi tu, bila kumwita mtoto hata kikao kimoja, na matokeo yakawa bora kuliko ya kumfundisha mtoto. Ni lazima niseme wazi kwamba tiba hizi kwa jumla hazileti maajabu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017, yaliyojumuisha majaribio 70 kwa watoto wa miaka 6 hadi 11, yalikuta nafuu ndogo na ya muda mfupi, na ubora wa ushahidi ukawa wa chini. Karibu majaribio yote yalifanywa katika nchi tajiri, ambako kila mtu ana sahani yake.

Na sahani ndiyo inayonirudisha Mji wa Kale. Ushauri wa lishe wa kisasa umejengwa juu ya sahani ya mtu mmoja: nusu mboga, robo wanga, robo protini. Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale chakula cha mchana, hasa Ijumaa na siku za wageni, bado hupakuliwa kwenye sinia. Wali hulundikwa katikati. Kitoweo huwekwa juu yake, na mama au nyanya humenya samaki, huondoa miiba, na kusukuma minofu upande wa kila mtoto. Kachumbari iko bakulini pembeni, pamoja na ndimu na ndizi, na anayeitaka hujichotea. Katika sinia hakuna robo wala nusu ya mtu. Hakuna ajuaye mtoto amekula kiasi gani, na huyo mtoto mwenyewe hajui, kwa sababu mkono unafuata mikono mingine. Mwenye kula upesi hupata zaidi. Aliyeshiba huambiwa amalize upande wake. Ukimtoa mtoto mnene kwenye sinia hilo na kumwekea sahani yake ya kuku wa kuchemsha, umemwadhibu mbele ya ndugu zake, na atakula kwa siri alichonyimwa hadharani.

Tiba inayofaa huligeuza sinia lenyewe. Kilima cha wali kipunguzwe kwa theluthi kwa wote, na nafasi iliyobaki ijazwe kachumbari na mchicha au kunde, ndani ya sinia na kuelekea kila upande, badala ya kwenye bakuli la pembeni. Siku mbili au tatu za wiki wali mtupu upishe mseto, yaani mchele uliopikwa pamoja na pojo, ambao una protini na nyuzinyuzi na hushibisha kwa muda mrefu. Anayetaka kuongezewa aongezewe samaki na mboga. Wali ukiisha umeisha. Na ile amri ya kumaliza upande wako iachwe kabisa, kwa kila mtoto, mnene na mwembamba. Hakuna katika haya jambo litakalomdhuru ndugu mwembamba. Hilo ni muhimu katika nchi ambayo mdumavu na mnene wanaweza kuwa watoto wa nyumba moja: samaki, maziwa, mayai, maharagwe na majani havipunguzwi kwa yeyote.

Kuhusu nazi, sikubaliani na wanaotaka ipigwe marufuku. Tui lina mafuta mengi, na mengi ya hayo ni ya aina isiyopendeza moyo. Hilo halina ubishi. Lakini tuangalie lilivyotumika. Nazi ilikunwa kwa mbuzi, ikatiwa maji, ikakamuliwa kwa kifumbu mara mbili au tatu. Tui la kwanza, zito, liliwekwa kando la kumalizia mchuzi. La pili na la tatu, jepesi, ndilo lililotangulia chunguni. Siku hizi wengi huisaga nazi kwa blenda na kuichuja mara moja, au hufungua boksi, na mafuta yote huingia chunguni kwa pamoja. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, zaidi ya mara mbili ya gramu ya wanga. Mpishi akirudia kutenganisha matui, wali ukapikwa kwa tui jepesi na zito likatiwa kidogo tu kwenye samaki wa kupaka, chakula kitabaki na harufu na ladha yake na nishati itapungua. Huo ni ujuzi wa nyanya, na mtaalamu wa lishe angefaa kuuandika kwenye karatasi yake.

Adui mkubwa zaidi hayumo kwenye sinia. Saa kumi jioni, skuli imetoka na chuo kinakaribia kuanza, pita vichochoro vinavyotoka Ndia Kuu. Kwenye baraza kuna karai la mafuta yanayochemka. Viazi vilivyokwisha kuchemshwa huchovywa kwenye rojo la unga lenye rangi ya manjano, hutumbukizwa, huibuliwa vikiwa na ganda gumu, na kutiwa kwenye kijimfuko pamoja na ukwaju na pilipili. Pembeni kuna bhajia, sambusa na krisps za muhogo. Kibanda cha pili kina mabuyu yaliyopakwa sukari na rangi nyekundu, achari za maembe, na barafu za rangi zilizogandishwa kwenye vifuko. Mtoto mwenye shilingi ishirini mkononi ananunua na kuteremshia kwa kinywaji kitamu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina takribani kilokalori 120, na ganda la kiazi karai hunywa mafuta. Hiki ni chakula kizima kinacholiwa kwa miguu, ambacho hakuna mzazi anayekihesabu, na saa tatu baadaye mtoto huketi kula chajio kama kawaida.

Kinywaji kinahitaji neno lake. Soda ya chupa ya mililita 300 ina takribani gramu 32 za sukari, sawa na vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,600, hizo ni gramu 40. Ikifaa, linasema, ibaki chini ya asilimia 5, yaani gramu 20. Chupa moja imekwisha kula sehemu kubwa ya kipimo cha kwanza na kuruka cha pili, na bado hatujahesabu chai ya maziwa ya asubuhi na ya jioni wala hamri lenye sukari yake. Jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2012 lilikuwa na watoto 641 ambao kila siku walipewa mililita 250 za kinywaji, nusu yao chenye sukari na nusu kisicho nayo, bila wao kujua kipi ni kipi. Baada ya miezi 18 waliokunywa chenye sukari walikuwa wameongezeka kilo 7.37, na wenzao kilo 6.35. Kilo moja, kwa badiliko la kikombe kimoja. Mwenye nguvu ya kubadilisha jambo moja tu nyumbani kwake abadilishe hili.

Ushauri wa kunywa maji hukwama kwenye mfereji. Visima vingi vya kisiwani hutoa maji ya chumvi. Maji ya bomba yanatoka mbali, Mzima, Marere na Baricho, na hufika kwa zamu. Wengi hununua mitungi ya lita 20 kwenye mikokoteni, na maji ya kunywa huyanunua mbali na ya kuoshea. Mtoto mwenye sarafu moja akisimama kati ya maji ya chupa na juisi ya rangi, sote twajua atanyoosha mkono wapi. Kwa hiyo maji safi ya bure ndani ya skuli na chuo ni sehemu ya tiba, kama dawa ilivyo sehemu ya tiba ya malaria. Ukwaju na ubuyu ni vinywaji vizuri; kinachoviharibu ni kikombe cha sukari kinachomiminwa ndoo nzima, na kinaweza kupunguzwa nusu kwa muda wa wiki chache bila ulimi kugoma.

Sitaki mwenye karai afukuzwe. Analisha nyumba yake kwa karai hilo, na askari wa kaunti kumwaga mafuta yake hakumponyi mtoto wa mtu. Palepale barazani anaweza kuweka jiko la makaa: muhogo wa kuchoma kwa ndimu na pilipili, mahindi, mishkaki, mapande ya embe na papai. Hivi vyote huuzwa kwenye bustani ya Mama Ngina kila jioni na watoto huvipenda. Wazazi wakikubaliana na wauzaji wa mtaa mmoja kwamba jirani na chuo vitauzwa hivyo, biashara haitakufa.

Huambiwa kwamba wali wa nazi na mahamri ni utamaduni, na mgonjwa hatibiwi kwa kuvuliwa utamaduni wake. Nakubali nusu ya hoja. Karne moja na nusu iliyopita chakula cha kila siku cha watu wengi wa pwani kilikuwa mtama, muhogo na kunde. Mchele ulikuwa wa wenye uwezo na wa siku kubwa. Mkate wa mofa ni shahidi wa mtama huo. Unga mweupe wa ngano, sukari ya bei nafuu na mafuta ya mawese yanayoshushwa Kilindini kutoka Malaysia na Indonesia ndivyo vilivyoifanya karamu kuwa mlo wa kila siku. Hoja ya bei ni nzito zaidi: changu wa kutosha sinia zima ni ghali kuliko viazi na mafuta. Lakini dagaa, pojo, kunde na mchicha si ghali, na si kweli kwamba chakula chenye afya lazima kitoke kwenye duka lenye viyoyozi. Hoja ya tatu, kwamba unene utaondoka wenyewe mtoto akibaleghe, hupoza wazazi wengi. Baadhi huondokewa nao. Wengi wa watoto walio wanene sana huingia nao utu uzima, na kisukari na presha hufuata mapema.

Ramadhani nayo hudhaniwa kuwa tiba. Mtoto anayefunga kisha akafuturu kwa kaimati za shira, tambi na magilasi ya juisi hapungui. Afadhali nyumba ipange futari yake mwezi wa Shaaban.

Swali la mwisho ni nani atibu. Miongozo ya madaktari wa watoto wa Marekani ya Januari 2023 inataka angalau saa 26 za kukaa ana kwa ana na familia ndani ya miezi 3 hadi 12. Hakuna mtaalamu wa lishe wa hospitali ya umma Mombasa mwenye saa 26 za nyumba moja. Lakini familia kumi zikikaa pamoja, saa 260 zinakuwa 26. Zikae ukumbini au chuoni, zipike, zipakue sinia, zile. Mama aje na nyanya, kwa kuwa nyanya ndiye mwenye chungu, na ndiye humpa mjukuu sarafu ya saa kumi. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao tangu 2023 wamepewa mikoba ya vifaa vya kupimia kote nchini, wanaweza kuwafuatilia nyumbani. Mtoto apimwe faraghani, na majina ya kumkejeli kwa ajili ya mwili wake yakomeshwe hata yakisemwa kwa mapenzi, kwani mtoto anayeona haya hula kwa kujificha.

Hakuna jaribio la aina hii ninalolijua lililofanywa katika mtaa wa Waswahili, na halihitaji fedha nyingi. Ninawaomba wenzangu wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, wa Chuo Kikuu cha Pwani na idara ya afya ya kaunti walianzishe: familia zenye watoto wanene wa miaka 6 hadi 11, nusu zipewe karatasi ya kawaida na nusu zipewe vikao vya sinia, wote wapimwe urefu na uzito baada ya miezi 6, 12 na 24. Na matokeo, yawe yalivyo, yaandikwe kwa Kiswahili ili wenye majiko wayasome.